PS2 Bado Inauzwa Kampala

Januari 2013 Sony ilitangaza kwamba imeacha kutengeneza PlayStation 2. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na katika miaka hiyo karibu 13 ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Kiwandani hadithi iliishia hapo.

Kampala haikuishia hapo. Katika majengo yaliyojaa maduka ya simu na vifaa vya umeme katikati ya mji, na kwenye tovuti ya matangazo ya Jiji, PS2 na PS3 zilizotumika bado zinatafuta wanunuzi. Duka kubwa la Ulaya huondoa mashine ya zamani mara mpya inapokuja. Hapa huondoka tu pale fundi anaposhindwa.

Kinachoamua zaidi umri wa mashine ni gemu za mpira. FIFA 14 ndiyo iliyokuwa FIFA ya mwisho ya PS2. Kwa PS3 ilikuwa FIFA 19. Baada ya hapo vikosi vinabaki vilevile, na kijana anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza kila Jumamosi hataki kumchezesha mtu aliyekwisha kustaafu. Ndiyo maana wapenzi wa gemu hubadilisha wenyewe majina na jezi. Wabrazili wamefanya hivyo kwa miaka mingi kupitia Bomba Patch, waliyoijenga juu ya gemu za mpira za PS2.

Upande wa mashine, kinachochoka mapema ni lenzi. Fundi hufungua skrubu za chini, huifuta lenzi kwa pamba yenye spiriti, kisha huweka diski na kusikiliza inavyozunguka. Isiposoma, hubadilisha kifaa chote cha leza. Nacho kikikosekana, iko njia nyingine: kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8 hutiwa programu ndogo, na gemu zikasomwa kutoka kwenye flashi. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha zamani, kwa hiyo video za utangulizi hukwamakwama, lakini mechi yenyewe huchezeka. Gemu hizo mara nyingi ni nakala ambazo hazimpi aliyezitunga hata shilingi, na hilo halifai kufumbiwa macho.

Umeme nao una neno. PS2 nyembamba ya mwaka 2004 haizidi wati 50, ilhali PS5 hufikia takriban wati 200 gemu ikichezwa. Mwenye kibanda cha gemu anayenunua umeme wa Yaka, unaolipiwa kabla ya kutumika, huiona tofauti hiyo kwenye mita.

Hata hivyo, kwa mwenye fedha za kuchagua, PS4 ndiyo ya zamani inayostahili kununuliwa sasa. Ilitoka Novemba 2013, na EA Sports FC 26 ya Septemba 2025 bado imetengenezewa mashine hiyo pia. Diski zake huazimwa na kuuzwa tena, jambo ambalo PS5 isiyo na sehemu ya diski hairuhusu.

Mnunuzi asikubali kuonyeshwa taa tu. Aombe mashine iwashwe, acheze mechi nzima, aguse kama imepata joto kupita kiasi, ajaribu padi zote mbili. Akichukua PS2, aangalie nyuma ya televisheni ya nyumbani kama kuna matundu ya manjano, meupe na mekundu. Yasipokuwepo, aulize bei ya kigeuzi cha HDMI kabla hajalipa.