Si Halali, Wala Si Haramu: Serikali na Sarafu za Kidijitali

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi serikali za Afrika Mashariki, hususan ile ya Kenya, zilivyojaribu kuzuia au kudhibiti sarafu za kidijitali tangu mwaka wa 2015. Huenda msomaji akashangaa kuona mada hii ikiletwa mbele ya wanafunzi wa Kiswahili badala ya wenzao wa uchumi na sheria. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya utata unaoizunguka ni wa lugha. Nchini Kenya, matangazo ya serikali kuhusu fedha huandikwa kwa Kiingereza, kisha humfikia mwananchi kwa Kiswahili cha redio na magazeti. Katika safari hiyo maana hupotoka. Mkazi wa Ruring'u, pembezoni mwa mji wa Nyeri, akisikia kwamba Benki Kuu imesema bitcoin "si fedha halali," anaweza kudhani kuwa nayo ni kosa la jinai. Jirani yake naye akisikia kwamba serikali inazitoza kodi sarafu hizo, anaweza kuamini kwamba serikali imezidhamini. Wote wawili wamepotoka, na upotovu huo unaweza kumgharimu kila mmoja akiba yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba katazo lolote la fedha halieleweki mpaka tujue kitenzi kilichokatazwa. Je, kilichokatazwa ni kumiliki, kulipia, kuuza, au kuwahudumia wanaouza? Vitenzi hivi vinne vina uzito tofauti mbele ya sheria, lakini katika mazungumzo ya kawaida hufunikwa vyote na neno moja tu: marufuku.

Sarafu hizi ni nini?

Bitcoin, iliyo kongwe na mashuhuri kuliko zote, ilianza kutumika Januari 2009. Aliyeibuni alijiita Satoshi Nakamoto, jina ambalo mwenyewe halisi hajathibitishwa hadi leo. Kimsingi, ni daftari la hesabu lililonakiliwa katika tarakilishi nyingi duniani kote. Mtu mmoja anapomtumia mwenzake kiasi fulani, muamala huo huandikwa katika nakala zote za daftari. Hakuna benki kuu inayoitoa, na kanuni zake zimeweka kikomo cha bitcoin milioni 21.

Mwenye sarafu hizi hana noti wala pochi ya ngozi. Alicho nacho ni ufunguo wa siri, yaani mfuatano wa tarakimu ambao mara nyingi huhifadhiwa kwa umbo la maneno 12 au 24. Anayeujua ufunguo huo ndiye anayeweza kuzihamisha sarafu. Maneno hayo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi, au hata kukaririwa kama beti za shairi. Hapa ndipo serikali inapokwama: ni vigumu mno kumpekua mtu kichwani. Kwa hiyo serikali nyingi, badala ya kumfuata mmiliki, huenda kusimama langoni, mahali ambapo sarafu ya kidijitali hugeuzwa kuwa shilingi au shilingi kugeuzwa kuwa sarafu hiyo.

Katazo la kumiliki fedha si jambo geni

Historia ina mifano ya serikali zilizowakataza wananchi kumiliki aina fulani ya fedha. Mnamo Aprili 1933, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliwaamuru raia wasalimishe dhahabu yao kwa bei ya dola 20.67 kwa aunsi. Uhuru wa kumiliki dhahabu bila vikwazo ulirejeshwa mwishoni mwa 1974.

Wahadhiri wetu watakumbuka mfano wa karibu zaidi. Kwa miongo mingi Kenya ilikuwa na sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni, ambayo chini yake mwananchi hakuruhusiwa kukaa na dola au pauni bila idhini. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1995, baada ya kulegezwa hatua kwa hatua. Hapo kitenzi kilichokatazwa kilikuwa kumiliki, na katazo liliwezekana kutekelezwa kwa sababu noti ni kitu cha kushikika na mipaka ya nchi ina walinzi.

Mfano mwingine ni wa mwaka wa 2019. Katika sherehe za Madaraka zilizofanyika Narok tarehe 1 Juni, Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kuwa fedha ifikapo tarehe 30 Septemba. Noti zenye thamani ya takriban shilingi bilioni 7.4 hazikurejeshwa, nazo zikabaki karatasi tupu. Serikali iliweza kufanya hivyo kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyozitoa. Bitcoin haikutolewa na serikali yoyote, kwa hiyo hakuna serikali inayoweza kuibatilisha kwa tangazo.

Kenya: kufunga lango, 2015 hadi 2018

Novemba 2015, kampuni ya Safaricom ilisitisha huduma za M-Pesa kwa kampuni ya Lipisha, ambayo ilikuwa ikipitisha malipo ya BitPesa, kampuni iliyoshughulika na bitcoin. Walalamishi walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi wakiomba amri ya muda ya kurejeshewa huduma. Desemba mwaka huo mahakama ilikataa kuitoa. Siku chache baadaye Benki Kuu ya Kenya ilitoa tangazo kwa umma. Ilisema kwamba sarafu pepe kama bitcoin hazikuwa fedha halali nchini, hazikuwa chini ya usimamizi wowote, na kwamba mtu angepoteza pesa zake katika soko la sarafu hizo hangekuwa na kinga. Mabenki nayo yalitumiwa waraka wa kuyaonya yasijihusishe na shughuli hizo, na onyo likarudiwa mwaka wa 2018.

Tuyatazame matangazo hayo kwa jicho la mwanaisimu. Benki Kuu iliwaonya wananchi na kuyazuia mabenki. Haikutamka kwamba mtu anayemiliki bitcoin atashtakiwa, wala hapakuwa na sheria ya bunge iliyolifanya jambo hilo kosa. Ndiyo maana mwaka wa 2018 vyombo vya habari viliweza kuripoti waziwazi habari za mkahawa mmoja wa Nyeri uliokubali wateja walipie chakula kwa bitcoin.

Hata lango lililofungwa lilikuwa na mwanya. Muuzaji na mnunuzi walikutana katika masoko ya mtandaoni. Mnunuzi alimtumia muuzaji shilingi kwa M-Pesa kama amtumiavyo ndugu yake, kisha sarafu zikaachiliwa upande wa pili. Katika kumbukumbu za simu muamala huo haukutofautiana na malipo ya mahindi au karo. Hivyo biashara haikukoma. Ilihamia mahali ambapo anayetapeliwa hana wa kumlilia.

Jambo hili si dogo kwa wakazi wa Mlima Kenya. Mnamo 2006 na 2007, miradi ya piramidi ilienea nchini na kuzoa akiba za wakulima, walimu na waumini wa makanisa. Kamati iliyoundwa na serikali baadaye ilikadiria hasara hiyo kuwa zaidi ya shilingi bilioni 8. Miradi ile haikuhitaji bitcoin; ilihitaji ahadi ya faida ya haraka na utupu wa usimamizi. Sarafu za kidijitali zilipoingia, utupu huo ulikuwapo bado.

Hali ya majirani

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 ikisema kwamba biashara, utangazaji na matumizi ya sarafu hizo vinakiuka kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo badala ya kushtukizwa nayo. Mwaka wa 2024 sheria ya fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Msomaji ataona ugumu uliopo: mkono mmoja wakataza na mwingine wadai sehemu yake.

Nchini Uganda, Benki Kuu ilitoa waraka Aprili 2022 ikizikataza taasisi zenye leseni ya malipo kusaidia ubadilishaji wa sarafu hizo. Waraka huo ulipingwa mahakamani, na mwaka wa 2023 Mahakama Kuu ikalitupilia mbali ombi hilo. Burundi nayo ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 2019. Katika Afrika, nchi iliyotamka bayana kitenzi kumiliki ni Algeria: sheria yake ya fedha ya mwaka wa 2018 ilikataza kununua, kuuza, kutumia na hata kuwa na sarafu pepe. Tofauti ya Algeria na Kenya ni tofauti ya kitenzi, na ni kubwa kuliko inavyoonekana magazetini, ambako zote huitwa nchi "zilizopiga marufuku."

Kutoka katazo hadi leseni

Mwaka wa 2023 Kenya ilibadilisha mwendo. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliweka kodi ya asilimia 3 juu ya thamani ya mali ya kidijitali inayohamishwa, kuanzia tarehe 1 Septemba. Aliyeuza kwa shilingi 100,000 alitakiwa alipe 3,000, hata kama aliuza kwa hasara. Mwaka wa 2025 kodi hiyo ilifutwa. Mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya anayetoa huduma, hivi kwamba ada ikiwa shilingi 1,000, ushuru ni 100.

Katikati ya mabadiliko hayo palitokea kisa cha Worldcoin. Julai 2023 maelfu ya watu walipanga foleni jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha, nao wapewe sarafu za kidijitali. Mnamo Agosti 2 serikali iliisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za kimaumbile zifutwe. Lililosimamishwa hapa lilikuwa ukusanyaji wa data. Hakuna aliyeambiwa arudishe sarafu alizopewa.

Hatimaye, Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Watoaji wa Huduma za Mali Pepe, ambayo ilianza kutumika mwezi uliofuata. Inamtaka kila anayewahudumia wengine katika biashara hii awe na leseni, chini ya Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Novemba hiyo hiyo taasisi hizo mbili zilieleza kwamba hakuna kampuni iliyokuwa imepewa leseni chini ya sheria hiyo. Hivyo kitenzi kinachodhibitiwa sasa ni kuhudumia. Mwananchi anayemiliki hakatazwi, lakini pia hakuna anayemhakikishia kwamba thamani haitaporomoka.

Utata wa neno "halali"

Turudi sasa kwenye lugha. Katika sheria ya fedha, fedha halali ni ile ambayo mdai hana budi kuipokea akilipwa deni. Noti za Tanzania hutangaza kwamba ni halali kwa malipo, na maana ni hiyo. Lakini katika Kiswahili cha kila siku, kinyume cha halali ni haramu. Kwa hiyo "si fedha halali" husikika kama "ni fedha haramu," ilhali muradi wa msemaji ni kwamba hakuna anayelazimika kuipokea.

Mbuzi atatusaidia kueleza. Katika Nyeri mahari yamehesabiwa kwa mbuzi tangu kale. Mbuzi si fedha halali: mwenye duka hawezi kushurutishwa ampokee kama malipo ya sukari. Hata hivyo kumfuga, kumuuza na kumtoa mahari si haramu. Kutokuwa fedha halali hakukifanyi kitu kuwa cha magendo.

Pendekezo letu ni kwamba waandishi na wafasiri watumie "fedha rasmi ya malipo" au "fedha ya lazima kupokelewa" pale sheria inapozungumzia wajibu wa kupokea, na walitunze neno "haramu" kwa jambo ambalo sheria imelifanya kosa. Aidha, jina la sarafu zenyewe halijatulia: wengine husema sarafu za kidijitali, wengine sarafu pepe, wengine sarafu za kripto. Istilahi "mali pepe" imetumika hapa kwa sababu sheria ya 2025 inazichukulia kama mali, na uamuzi huo una maana yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba serikali za kanda hii zilijaribu zaidi kuyafunga malango kuliko kumnyang'anya mmiliki, na kwamba Kenya imetoka katika onyo, ikapitia kodi, ikafikia leseni. Njiani humo wananchi wengi waliachwa bila kujua kama walikuwa wakivunja sheria au wakilindwa nayo. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuamua bei ya bitcoin, wala si kazi yake. Anaweza hata hivyo kumsomea mzazi wake tangazo la serikali na kumweleza mambo matatu: nani anakatazwa, kutenda nini, na nani atawajibika pesa zikipotea. Katika hilo la tatu, kwa anayenunua kutoka kwa mtu asiye na leseni, jibu limekuwa lile lile tangu 2015: ni mnunuzi mwenyewe.