Moscow Itazamwapo Kutoka Butiama

Mtu atakaye kuzisoma siasa za Urusi tangu kuanguka kwa utawala wa Kikomunisti aghalabu huanzia Moscow, kwa Mikhail Gorbachev aliyejiuzulu tarehe 25 Desemba 1991, na kwa Boris Yeltsin aliyebaki na madaraka. Nami simzuii, ila ningemwomba kwanza apite Mkoa wa Mara, kwa kuwa miongoni mwa watu wa Afrika walioyazingatia mapema mambo yale alikuwamo mzaliwa wa Butiama.

Februari 1990, Muungano wa Kisovieti ukiwa ungali umesimama, Mwalimu Julius Nyerere, naye angali Mwenyekiti wa CCM, alitamka hadharani ya kuwa kuujadili mfumo wa vyama vingi si uhaini, na kwamba yaliyotokea Ulaya ya Mashariki yana mafunzo kwetu. Wengi walistaajabu, madhali yeye ndiye aliyekuwa mwasisi wa mfumo wa chama kimoja uliothibitishwa kisheria mwaka 1965. Na mfumo huo ulikuwa na mizizi Mara kwenyewe: Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilimtaka kijana afanye kazi kwanza, kisha apate na idhini ya Chama, ndipo aingie Chuo Kikuu.

Katiba ya Kisovieti ya mwaka 1977, kwa ibara yake ya 6, ilikifanya Chama cha Kikomunisti kiongozi wa dola na jamii. Na yetu, ya mwaka huo huo, nayo ilikikabidhi Chama hatamu. Ya kwao ilibadilishwa Machi 1990, baada ya makutano makubwa ya watu barabarani. Yetu mwaka 1992, baada ya Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuzunguka nchi, ikaambiwa na watu kama asilimia 80 kuwa chama kimoja kibaki, lakini kwa kuwajali wale asilimia 20 waliosalia ikashauri vyama vingi viruhusiwe. Aifunguaye Katiba yetu leo ataikuta ibara ya 10 haina kitu ila namba yake na taarifa ya kufutwa.

Kufuta ibara, hata hivyo, ni jambo jepesi. Yeltsin, kabla ya kukipiga Chama marufuku, aliwahi kukiongoza mjini Moscow. Na Vladimir Putin, aliyekaimu urais siku ya mwisho ya mwaka 1999, alikuwa afisa wa ujasusi wa dola ile iliyokufa. Asomaye majina ya vyama pasipo kuchunguza nasaba ya watu wake ameshika ganda.

Bunda, huko huko Mara, yatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1995 Stephen Wassira, aliyewahi kushika nyadhifa chini ya CCM, aligombea ubunge kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akamshinda Jaji Joseph Warioba wa CCM, aliyekuwa Waziri Mkuu hadi mwaka 1990. Ushindi ule ulibatilishwa na mahakama, na shauri likafika Mahakama ya Rufani. (Moscow, miaka miwili kabla, ugomvi wa Rais na Bunge ulikatwa kwa vifaru na mizinga, wakafa watu zaidi ya 100; sisi, tuliokwenda mahakamani, tuna haki ya kujivuna kidogo.) Wassira akarejea CCM, akawa waziri, akaangushwa Bunda Mjini mwaka 2015 na Ester Bulaya wa Chadema, ambaye naye alitokea CCM, na Januari 2025 Wassira akachaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara.

Lipo na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu wasomi hulipita upesi mno, nalo ni mali. Agosti 1991 Yeltsin alitoa amri mali ya Chama cha Kikomunisti iingie mikononi mwa dola. Na chama kilichofufuka mwaka 1993 chini ya Gennady Zyuganov, ijapokuwa kilifika duru ya pili ya uchaguzi wa rais mwaka 1996, kilishindana na mtu aliyekuwa na hazina, televisheni na matajiri wapya upande wake. CCM ilifungua mlango kwa mkono wake yenyewe, ikabaki na majengo yake na viwanja vyake, ukiwamo ule wa Kirumba, Mwanza, ambao hadi leo wenye timu wakitaka kuutumia huenda kuuomba kwa Chama.