Sindano, Uzi Mweupe na Vibao Vyekundu vya Mabegani

Kabla taa hazijazimwa, mvulana wa miaka 10 hukaa ukingoni mwa kitanda chake na sindano mkononi. Anashona kipande cha kitambaa cheupe ndani ya kola ya koti lake la kijeshi, kiasi kwamba ukingo wake mwembamba tu uchungulie juu ya shingo. Asubuhi afisa atapita mbele ya mstari akikagua shingo moja baada ya nyingine, na kitambaa kikikutwa na doa kitang'olewa na kushonwa upya. Kesho jioni kazi ni ile ile, na keshokutwa, kwa miaka saba. Wazee waliosoma katika shule za kijeshi za Muungano wa Kisovieti zilizopewa jina la Suvorov, jenerali wa Urusi wa zamani, wanaweza kusahau majina ya walimu wao, lakini kushona kola vidole vyao havisahau.

Amri iliyoanzisha shule hizo ilitolewa tarehe 21 Agosti 1943. Ukiisoma utashangaa, maana si amri ya jeshi. Ilihusu kufufua uchumi wa maeneo yaliyokuwa yametoka kukombolewa kutoka kwa Wajerumani: ng'ombe warudishwe vijijini, nyumba zijengwe upya. Humo humo, kati ya habari za mifugo na mbao, kukawa na sehemu ya watoto. Shule tisa zifunguliwe, kila moja ichukue wavulana 500, walale huko huko, na kwanza wapokewe watoto wa askari na wapiganaji wa msituni, pamoja na yatima ambao wazazi wao waliuawa na wavamizi. Orodha ya miji ilikuwa kama ramani ya vita vyenyewe: Stalingrad, Voronezh, Kursk, Orel, Kharkov. Huu wa mwisho ulikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Ulikombolewa siku mbili baada ya amri kutoka.

Nashikilia jambo hili la yatima kwa sababu watu wengi huwaona wavulana wa Suvorov siku ya tarehe 9 Mei tu, kwenye gwaride la Uwanja Mwekundu mjini Moscow, wakipita kwa mwendo wa kijeshi, vibao vyekundu mabegani na mistari myekundu pembeni mwa suruali kama ya majenerali. Mtazamaji husema: hiki ni kiwanda cha maafisa. Ni kweli, walihitimu maafisa wengi. Ila kabla ya kuwa kiwanda, shule hizi zilikuwa nyumba. Nyumba ya watoto waliokuwa wamelala kwenye mahandaki na vituo vya treni, na miongoni mwao wapo waliofika na medali kifuani kwa kuwa vikosi vya mstari wa mbele viliwaokota na kuwalea. Urusi iliwaita watoto hao wana wa kikosi. Mwandishi Valentin Kataev alichapisha riwaya ya jina hilo mwaka 1945, na mwishoni mhusika wake mdogo anapelekwa shule ya Suvorov, kwa sababu wakati ule ndipo mtoto wa namna hiyo alipopelekwa.

Desturi zenyewe hazikubuniwa na wakomunisti. Enzi za Tsar palikuwa na shule za makadeti kwa watoto wa mamwinyi, na mapinduzi ya 1917 yalizifuta pamoja na vibao vya mabegani, vilivyochukiwa kama alama ya utawala wa zamani. Januari 1943 vibao vikarudi kwenye jeshi zima. Miezi michache baadaye Aleksei Ignatiev, jenerali aliyezaliwa katika ukoo wa kimwinyi na kulelewa kwenye shule ya makadeti ya Kiev, alipendekeza kwamba malezi yale yarudi pia. Amri ya Agosti ilitamka wazi kwamba shule mpya zifuate mfano wa zile za kale. Ndiyo maana watoto wa wakulima na mafundi, wengine wakiwa hawajaonja sukari kwa miaka miwili, walijikuta wakifundishwa kushika uma, kumpisha mwanamke mlangoni, na kucheza dansi.

Dansi! Hapa lazima nitue kidogo. Lilikuwa somo kwenye ratiba, sawa na hesabu na kwata. Wavulana walijifunza walzi na mazurka wao kwa wao, mmoja akikubali kuwa msichana kwa zamu, na siku za sikukuu walialikwa wasichana wa shule za jirani. Mpangilio wa ukumbi ulikuwa na adabu zake: uvuke sakafu ukiwa umenyooka, uiname kidogo, umuombe, na wimbo ukiisha umrudishe ulikomtoa. Mtu anaweza kuuliza askari anahitaji walzi ya nini. Mimi naona waliopanga ratiba ile walijua kwamba mtoto aliyekulia vitani ameshajifunza mapema mno namna mwili unavyoweza kuumiza na kuumizwa, na kwamba ilibidi afundishwe tena kuutumia kwa upole.

Lugha nazo zilisisitizwa, kila mtoto na yake: Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, kiasi kwamba katika miaka ya mwanzo wahitimu waliofaulu walipewa cheti cha ukalimani wa kijeshi. Fikiria yatima wa Kursk akisomeshwa Kijerumani mwaka 1944.

Siku ilianza kwa amri ya kuamka na mazoezi ya viungo uwanjani, hata kwenye theluji. Vitanda vilitandikwa hadi pembe za blanketi zikawa kali kama za sanduku. Asubuhi masomo, jioni kujisomea darasani chini ya macho ya afisa mlezi. Mlezi huyu ndiye moyo wa mambo yote. Kila platuni ilikuwa na wake, na wale wa kwanza walitoka moja kwa moja vitani. Wavulana walimwita kwa neno la Kirusi ambalo sisi tuliozoea siasa za Tanzania tungelitafsiri bila kusita: Ndugu Meja, Ndugu Kapteni. Ndiye aliyejua nani hapati barua.

Zamu ya kusimama mlangoni mwa bweni iliwafikia wote. Mvulana husimama kando ya kabati dogo, haketi, haegemei, na afisa akiingia hupaza sauti ya kuwasimamisha wenzake. Wakubwa wenye nidhamu walipewa cheo cha makamu sajenti na kuwasimamia wadogo. Walikuwepo waliokitumia vizuri na waliokitumia kuonea, kama bweni lolote duniani. Usiku, kabla ya kuhesabiwa na kulala, kombania nzima ilitoka nje kutembea kwa mpangilio ikiimba. Kwetu, mvulana aliyetoka jandoni ana watu aliotiwa naye siku moja, na undugu huo haufutiki. Nadhani kutembea kule gizani, sauti 100 zikiwa moja, kulizaa undugu wa namna hiyo. Hata leo wakikutana hujiita makadeti, neno ambalo serikali yao haikuwapa, na swali la kwanza ni: shule gani, mwaka gani?

Lakini siwezi kuandika haya nikasahau kwamba hakuna mtoto wa miaka 10 anayejichagulia jeshi. Yatima wa 1943 alipewa mkate, joto na baba wa kukodi. Bei yake ilikuwa maisha yake ya mbele kupangwa kabla sauti haijambadilika. Baadaye, vita vilipokuwa mbali, shule nyingi zilifungwa miaka ya 1960, na kufikia 1969 masomo yalikuwa yamepunguzwa hadi miaka miwili, kwa vijana waliomaliza darasa la nane. Hao angalau walikuja wakijua wanaingia wapi.

Shule ya Kharkov ilihamishiwa Kiev mwaka 1947. Muungano ulipovunjika mwaka 1991, ilibaki Ukraine. Leo haina tena jina la Suvorov, ina la Ivan Bohun, kanali wa Kikozaki wa karne ya 17, na inalea makadeti wa jeshi la Ukraine. Ile ya Moscow bado ina jina la Suvorov. Wavulana waliohitimu pande zote mbili miaka ya 1980 walivaa beji moja, walitembea usiku wakiimba nyimbo zile zile, na walishona kola kwa mshono mmoja. Tangu Februari 2022 nchi zao ziko katika vita vikubwa, na Kharkov, mji ambao yatima wake walihitaji shule, unapigwa makombora tena.