Fahamu: Jinsi simu inavyofungua picha iliyobanwa

Matatu imekwama Westlands, Barabara ya Waiyaki haisongi, lakini picha uliyotumiwa kutoka Kangemi inafunguka kufumba na kufumbua. Picha hiyo ya JPEG ilifika ikiwa imebanwa: thamani zinazojirudia sana zilipewa misimbo mifupi, zile adimu misimbo mirefu. Mbinu hiyo David Huffman aliichapisha mwaka 1952.

Taabu ni kwamba biti, yaani 0 na 1 zinazounda misimbo hiyo, huja zimeshikana, bila nafasi kati ya msimbo na msimbo. Simu itajuaje mmoja umeishia wapi? Tazama nambari za nchi unazopiga: Marekani 1, Misri 20, Kenya 254, Tanzania 255. Hazilingani urefu, lakini hakuna iliyo mwanzo wa mwenzake, kwa hiyo hazichanganyikani. Misimbo ya Huffman ni vivyo hivyo.

Kusoma biti moja moja, ukiuliza kila mara kama msimbo umekwisha, ni sahihi ila ni mwendo wa kinyonga. Programu nyingi huchungulia biti 8 kwa mpigo na kuzitafuta kwenye jedwali lenye mistari 256. Mstari hujibu mawili: thamani ni ipi, na msimbo umekula biti ngapi. Ukiwa umekula 3, programu husonga 3 tu. Biti 5 zilizobaki ni za kinachofuata.

Misimbo ya JPEG hufika hadi biti 16. Ile inayozidi biti 8 hutafutwa kwa njia ya polepole, na kwa kuwa ni adimu, haikawizi. Mbona jedwali lisiwe la biti 16? Lingekuwa na mistari 65,536, na lingeweza kufurika kumbukumbu ndogo iliyo karibu na prosesa, kasi ikapotea.