Waya wa Simu Unaoingia Nyumbani

Watoto wa siku hizi wamezoea simu isiyo na waya. Mtu anaitia mfukoni na kwenda nayo sokoni au shambani. Lakini tangu mwaka 1876, Alexander Graham Bell alipofaulu kusema na mwenzake kwa simu huko Boston, katika Marekani, maneno yalipita miaka mingi ndani ya waya. Katika nyumba fulani za nchi hiyo yanapita humo hata leo.

Waya huo ni nini? Ondoa ngozi yake ya plastiki, nawe utaona ndani nyuzi mbili za shaba, madini yale yale yanayochimbwa Likasi na Kolwezi. Kwa nini ni mbili? Kwa sababu umeme lazima upate njia ya kwenda na njia ya kurudi. Unatoka katika kituo cha simu, unafuata uzi mmoja mpaka nyumbani, unapita ndani ya simu, kisha unarudi kwa uzi wa pili. Uzi mmoja ukikatika, simu inanyamaza. Tena nyuzi hizo zimesokotwa pamoja kama kamba, ili kelele ya nyaya za jirani isiingie katika maneno.

Umeme huo hautoki katika nyumba. Unatoka katika betri kubwa za kituo. Ndiyo maana, hata taa zote zikizimika usiku wa dhoruba, simu ya waya inaweza kusema bado.

Fikiri sasa mama mzee wa huko anayekaa peke yake, mbali na daktari. Usiku akishikwa na ugonjwa, hana msaada mwingine ila simu yake. Lakini kila mara mvua inaponyesha, simu inafanya kelele kama mafuta yanayokaanga. Mvua ikizidi, inakufa kabisa. Jua likiwaka siku mbili, inafufuka. Basi inamwacha saa ile ile anapoihitaji.

Fundi anayejua kazi hakimbilii kupasua ukuta. Anauliza kwanza:

«Mama, inaharibika wakati gani?»

«Wakati wa mvua, mwanangu.»

Jibu hilo ni nusu ya kazi. Kuna mahali maji yanaingia. Lakini ni wapi?

Tangu miaka ya 1980 nyumba nyingi za Marekani zina kisanduku kidogo ukutani, upande wa nje. Kisanduku hicho ni kama mpaka wa mashamba mawili. Waya unaotoka njiani mpaka pale ni mali ya kampuni ya simu. Waya unaotoka pale na kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba. Ndani ya kisanduku mna tundu lenye kichwa cha waya kilichochomekwa. Fundi akikichomoa, nyumba nzima inatengwa na njia. Kisha anachomeka pale simu nyingine iliyo nzima na kusikiliza. Ikisema vizuri, ubaya uko ndani ya nyumba. Ikipiga kelele, ubaya uko njiani, na kampuni ndiyo itakayotengeneza. Wengi wanasahau jaribio hili la dakika mbili, wanatoboa kuta bure! Tena ni lazima kujaribu wakati simu ni mgonjwa: radi zimekwisha kwenda, lakini ukuta bado umelowa. Wakati wa radi hakuna fundi mwenye akili anayeshika waya.

Kwa mama yule, simu ya kisandukuni inasema wazi. Basi fundi anaufuata waya wa nyumba. Unapanda ukutani, unapita chini ya dirisha, unaingia katika tundu. Chini ya dirisha anaona ubaya: mtu wa zamani alipigilia msumari wa miguu miwili, na mguu mmoja ulitoboa ngozi ya waya. Maji yaliingia pale. Shaba imeota kutu ya kijani, na kila mvua umeme unavuka kutoka uzi huu mpaka uzi ule bila kufika katika simu.

Je, aunge mahali pale? Anaweza, kwa vifungio vidogo vyenye mafuta mazito yanayozuia maji. Kusokota kwa vidole na kuzungusha utepe hakufai nje. Baada ya masika machache kutu inarudi. Lakini waya huu ni mzee, na njia yake ni mbaya. Afadhali kuvuta mpya.

Kichwa cha waya kikiwa bado kimechomolewa, anaanza kazi. Hilo si jambo dogo. Waya uliotulia una volti 48 hivi, na mkono mkavu mara nyingi hausikii kitu. Lakini mtu akipiga simu, kengele inaletewa volti 90 hivi. Umeme huo unaweza kumstusha fundi na kumwangusha kutoka ngazini. Na ule waya mwingine unaotoka kisandukuni na kushuka mpaka ardhini, haugusi kabisa. Huo unapeleka nguvu ya radi udongoni isiingie katika nyumba.

Waya mpya unapita chini ya ukingo wa paa, mahali pakavu, mbali na waya wa taa. Tundu la ukuta analitoboa likiinama kuelekea nje, ili maji yasiteremke ndani. Kabla ya kuingia, anauacha waya uning'inie kidogo kama tumbo, chini kuliko tundu. Matone yanafuata tumbo hilo na kuanguka chini. Halafu anaziba tundu. Ndani anafunga uzi mwekundu penye alama nyekundu, wa kijani penye alama ya kijani. Waya mzee anaufungua kisandukuni na kuuondoa.

Mwishoni anachomeka tena kile kichwa, anainua simu ya mama, na kusikia mlio mmoja usiokatika. Lakini hasemi bado kwamba kazi imekwisha. Anangoja mvua.