Msitu wa Amani na Ndege Wake

Msafiri atokaye Handeni kwenda Tanga, apitapo Mkata na Segera akakaribia Muheza, huiona milima ya Usambara ya Mashariki imetandwa na mawingu, ilhali nyuma yake ameacha nyasi zilizokwisha kukauka. Na sababu ya tofauti hiyo ni bahari, kwani pepo za Bahari ya Hindi hukutana na milima hii mapema, zikapanda, zikapoa na kumwaga mvua yao huko, na Wazigua wa Handeni wakabakiwa na masazo.

Rutuba hiyo ya maji, iliyodumu dahari nyingi, ndiyo iliyolea msitu wa Amani, hifadhi ya serikali iliyotangazwa mwaka 1997, yenye takriban hekta 8,380 katika wilaya za Muheza na Korogwe. Wajerumani walikwisha kujenga huko, mwaka 1902, chuo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti ya kila nchi, wakaleta na reli hata Sigi, ambako nyumba ya mkuu wa stesheni sasa hupokea wageni kabla hawajazishika njia za miguu.

Wageni wengi hufuata ndege. Yuko kidege wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, apendaye mitambaa ya pembezoni mwa msitu, aliyepewa jina la Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani tangu 1928. Nje ya Usambara ya Mashariki hajulikani ila kaskazini ya Msumbiji. Kadhalika yuko bundi mkubwa wa Usambara, na ni ajabu kwamba sauti ambayo kwetu ingefukuzwa kwa vijinga vya moto, kwa hofu ya nuksi, watu wa Ulaya huivukia bahari ili waisikie.

Atakaye kuwaona na aondoke alfajiri, aende polepole na kiongozi anayezijua sauti, maana katika msitu mnene sikio hutangulia jicho. Nionavyo mimi, ni hasara watu wa Korogwe kuihesabu Amani kuwa mali ya Wazungu, nao huingia kwa kiingilio kilicho chini ya kile cha mgeni. Na hata asiyependa ndege ana haja nayo, kwani mto Sigi huteremka kutoka huko hadi bwawa la Mabayani, ambamo mji wa Tanga huchota maji yake.