Je, Wajua? Upepo pungufu humaliza tairi la lori kuliko mzigo
Tairi kipara kila mtu huliona, lakini lile linalopasuka safarini huweza kuwa na kashata nzuri kabisa. Wa kulaumiwa mara nyingi ni upepo. Ukipungua, ubavu wa tairi hubonyea kila linapozunguka. Mpira hupata moto, na nyuzi za chuma zilizomo ndani hukunjwa na kukunjuliwa hadi zikatike. Kwa lori linalovuta tela hatari inazidi, kwa sababu matairi ya nyuma hufungwa mawili mawili: la ndani likilegea, mwenzake hubeba mzigo wa yote mawili, na ukiwa nje huoni kitu. Ndiyo maana utingo kugonga tairi kwa rungu hakutoshi. Mlio wake utakuonyesha tairi lililoisha upepo, si lililoshuka kutoka psi 110 hadi 85, na upungufu wa asilimia 20 tu wataalamu huuhesabu sawa na pancha: tairi livuliwe, likaguliwe.

Wapo madereva wanaosema joto huongeza upepo, hivyo afadhali kuupunguza kabla ya kupanda mlima Kitonga. Ni kweli huongezeka, lakini watengenezaji wameshalipigia hesabu ongezeko hilo. Ukiutoa, ubavu hubonyea zaidi na moto unazidi. Pima kwa geji alfajiri, matairi yakiwa baridi, na yale ya ndani yasikwepwe. Kashata ikilika pembeni kote kuwili kuliko katikati, upepo ulikuwa mdogo. Ikilika upande mmoja tu, lori likapimwe alaimenti.